4,294,967,297: Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu namba ambayo Fermat aliidhania tasa

Namba hii ina tarakimu 10 tu, na kikokotoo cha simu kinaionyesha bila taabu. Hata hivyo ilipita zaidi ya miaka 90 ikihesabiwa miongoni mwa namba zinazodhaniwa kuwa tasa, hadi mtu mmoja alipoigawanya kwa 641 na kukuta hakuna kinachobaki. Majibu yaliyo hapa chini yanahitaji ujue kuzidisha, kugawanya na kusoma baki. Yaliyosalia ni uvumilivu.

Nitakuwa nikirudi kwenye jambo moja mara kwa mara: maajabu ya namba hii si mkusanyiko wa sadfa. Karibu yote yanatokana na sentensi moja fupi, kwamba ni 2 iliyopandishwa kwa kipeo cha 32, kisha ikaongezwa 1.

Inasomwaje, na inatoka wapi?

Bilioni nne, milioni mia mbili tisini na nne, laki tisa sitini na saba elfu, mia mbili tisini na saba. Kwa mkato ni 2³² + 1.

Ni ya sita katika msururu wa namba za Fermat, na kwa kuwa msururu huo huhesabiwa kuanzia sifuri, jina lake ni F₅. Zilizoitangulia ni F₀ = 3, F₁ = 5, F₂ = 17, F₃ = 257 na F₄ = 65,537. Njia ya kutoka moja kwenda inayofuata ni rahisi: ondoa 1, zidisha kilichobaki kwa chenyewe, rudisha 1. Kutoka 3 unapata 2 × 2 + 1 = 5. Kutoka 5 unapata 4 × 4 + 1 = 17. Kutoka 17 unapata 16 × 16 + 1 = 257. Ukifika 65,537, hatua inayofuata ni 65,536 × 65,536 + 1, na hiyo ndiyo namba yetu.

Kwa nini kipeo ni 32? Kwa nini si 30 au 24?

Kwa sababu 30 na 24 hazina matumaini tangu mwanzo. Kipeo kikiwa na kigawo witiri kinachozidi 1, namba utakayopata lazima igawanyike. Chukua 30, ambayo ni 2 × 15. Hapo 2³⁰ + 1 ni sawa na 4¹⁵ + 1, na namba hiyo inagawanyika kwa 5. Chukua 24, ambayo ni 8 × 3. Hapo 2²⁴ + 1 ni sawa na 256³ + 1, na hiyo inagawanyika kwa 257.

Sababu iko kwenye baki. Namba 4 imepungukiwa na 1 tu ili ifike 5, kwa hiyo tunaweza kusema baki yake ni −1. Ukizidisha −1 kwa yenyewe mara witiri unabaki na −1, na ukiongeza 1 unapata sifuri. Vipeo vinavyonusurika na mtego huu ni vile visivyo na kigawo witiri isipokuwa 1: yaani 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64 na kuendelea. Ndiyo maana msururu huu unaruka kwa hatua kubwa hivyo.

Shika neno hilo, "baki ya −1". Litatumika tena na tena.

Fermat alisema nini hasa?

Pierre de Fermat alikuwa mwanasheria wa Toulouse nchini Ufaransa, na hisabati aliifanya kwa kuipenda. Mwaka 1640 alimwandikia mwanahisabati mwenzake Frénicle de Bessy kwamba anaamini namba zote za msururu huu ni tasa, yaani kila moja haigawanyiki kwa namba nyingine yoyote isipokuwa 1 na yenyewe. Katika barua hiyo alikiri kwamba hana uthibitisho kamili. Nadhani ni haki kulitaja hilo, kwa sababu simulizi nyingi humchora kama mtu aliyejitapa. Alikuwa na namba tano za kwanza, zote tasa kweli, na mpangilio uliopendeza macho.

Kinachonigusa zaidi ni kwamba mwaka huohuo, kwa mtu huyohuyo, Fermat aliandika barua nyingine yenye kanuni ambayo leo inabeba jina lake: p ikiwa namba tasa witiri, basi 2 kwa kipeo cha p − 1, ikigawanywa kwa p, huacha baki ya 1. Utaona baada ya maswali mawili kwamba kanuni hiyo ndiyo iliyotosha kuipasua F₅. Chombo alikuwa nacho mkononi, na namba alikuwa nayo mezani.

Nani aliyeonyesha kwamba si tasa?

Leonhard Euler, mwaka 1732, akiwa na umri wa miaka 25 katika mji wa St. Petersburg. Aliyemchokoza ni Christian Goldbach, ambaye mwishoni mwa barua yake ya Desemba 1729 alimuuliza kama anaijua kauli ya Fermat. Jibu la Euler lilikuwa hili:

4,294,967,297 = 641 × 6,700,417

Unaweza kulihakiki sasa hivi. Mara 600, namba 6,700,417 inatoa 4,020,250,200. Mara 41 inatoa 274,717,097. Jumlisha hizo mbili.

Alipataje 641? Alijaribu namba zote tasa moja baada ya nyingine?

Hapana, na hapa ndipo penye utamu wa habari yote.

Angejaribu moja baada ya nyingine angehitaji kugawanya mara nyingi: 641 ni namba tasa ya 116. Inawezekana kwa mkono, lakini inachosha na ni rahisi kukosea. Euler alijiuliza kwanza swali lingine: kama kuna namba tasa p inayoigawanya F₅, lazima iwe na sura gani?

Tufuate hoja yenyewe. Ikiwa p inagawanya 2³² + 1, basi 2³² ikigawanywa kwa p ina baki ya −1. Zidisha kwa yenyewe: 2⁶⁴ ina baki ya 1. Sasa, ukiandika baki za 2, 4, 8, 16 na kuendelea, mara tu unapofikia 1 baki zinaanza kujirudia, na urefu wa mzunguko huo lazima ugawanye 64. Je, mzunguko unaweza kuwa mfupi kuliko 64? Vigawo vya 64 ni 1, 2, 4, 8, 16, 32 na 64 yenyewe. Ungekuwa wowote kati ya vile vidogo, ungegawanya 32 pia, na hapo 2³² ingekuwa na baki ya 1 badala ya −1. Kwa hiyo mzunguko ni 64 kamili.

Hapo inaingia kanuni ya Fermat. Inasema 2 kwa kipeo cha p − 1 ina baki ya 1, kwa hiyo p − 1 lazima iwe na mizunguko kamili ndani yake. Kwa maneno mengine, p − 1 inagawanyika kwa 64. Namba tasa yoyote inayoigawanya F₅ ni lazima iwe 64 mara kitu fulani, jumlisha 1.

Orodha inaanza hivi: 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641. Ondoa zisizo tasa na unabakiwa na 193, 257, 449, 577 na 641. Kazi ya kugawanya mara 116 imekuwa kazi ya kugawanya mara tano, na ya tano ndiyo inayofungua.

Mwaka 1878 Mfaransa Édouard Lucas aliibana orodha hiyo zaidi. Alionyesha kwamba kwa namba za Fermat kuanzia F₂, mahali pa 64 panaweza kuwekwa 128. Orodha mpya ni 129, 257, 385, 513, 641, na ndani yake namba tasa ni mbili tu: 257 na 641. Na 257 tunaitupa bila kugawanya, kwa sababu 2⁸ imepungukiwa na 1 ili kufikia 257, kwa hiyo 2³², ambayo ni 2⁸ kwa kipeo cha 4, ina baki ya 1, na F₅ ina baki ya 2. Inabaki namba moja ya kujaribu. Moja! Kila ninapopita tena katika hoja hii naona ni miongoni mwa hoja zilizonyooka kuliko zote katika hisabati ya namba nzima.

Kuna njia ya kuthibitisha kwamba 641 inaigawanya bila kuzidisha namba kubwa?

Ipo, na inaingia kwenye kipande kidogo cha karatasi. Namba 641 inaweza kuandikwa kwa njia mbili:

641 = 5 × 128 + 1, yaani 5 × 2⁷ + 1

641 = 625 + 16, yaani 5⁴ + 2⁴

Kutokana na ya kwanza, 5 × 2⁷ ina baki ya −1. Ipandishe kwa kipeo cha 4: 5⁴ × 2²⁸ ina baki ya 1. Kutokana na ya pili, 5⁴ na −2⁴ zina baki ileile, kwa hiyo tunaweza kuweka −2⁴ mahali pa 5⁴. Tunapata kwamba −2⁴ × 2²⁸, yaani −2³², ina baki ya 1. Basi 2³² ina baki ya −1, na 2³² + 1 haina baki.

Namba kubwa kuliko zote uliyoigusa kwa mkono ni 641 yenyewe.

Na 6,700,417, hiyo ni tasa?

Ndiyo. Kigawo tasa cha 6,700,417 ni kigawo cha F₅ pia, kwa hiyo nacho kinafuata sura ya Lucas, 128 mara kitu fulani jumlisha 1. Kipeuo cha pili cha 6,700,417 hakifiki 2,589, na hadi hapo namba tasa zenye sura hiyo ni 257, 641, 769, 1,153 na 1,409 tu. Zigawanye: baki ni 170, 44, 120, 334 na 622 kwa mpangilio huo. Hakuna sifuri, kwa hiyo ni tasa. Ni nadra kuthibitisha utasa wa namba ya milioni sita kwa kugawanya mara tano.

Kwa hiyo F₅ ina vigawo vinne tu: 1, 641, 6,700,417 na yenyewe.

Ni kweli kwamba inaweza kuandikwa kama jumla ya miraba miwili kwa njia mbili tofauti?

Ni kweli, na hili silioni likitajwa mara nyingi kama linavyostahili.

Njia ya kwanza iko wazi: 65,536² + 1². Njia ya pili imejificha: 62,264² + 20,449². Mraba wa 62,264 ni 3,876,805,696, na mraba wa 20,449 ni 418,161,601. Jumla yake ni F₅ kamili. Zaidi ya hapo, 20,449 nayo ni mraba wa 143.

Kwa nini ijalishe? Kwa sababu namba tasa haiwezi kuwa jumla ya miraba miwili kwa njia mbili. Ukiiona njia ya pili, umeshajua kwamba namba si tasa hata kama hukijui kigawo chake. Na Euler alionyesha namna ya kukitoa kigawo chenyewe kutoka kwenye hizo njia mbili. Tuifanye hapa.

Tofauti ya namba witiri ni 20,449 − 1 = 20,448. Tofauti ya namba shufwa ni 65,536 − 62,264 = 3,272. Kigawo kikubwa cha shirika cha hizo mbili ni 8. Sasa chukua jumla: 20,449 + 1 = 20,450, na 65,536 + 62,264 = 127,800. Kigawo kikubwa cha shirika ni 50. Nusu ya 8 ni 4, nusu ya 50 ni 25, na 4² + 25² = 16 + 625 = 641. Kimetoka.

Kigawo cha pili kinatoka kwenye mabaki ya kazi hiyohiyo: 20,448 ÷ 8 = 2,556, na 3,272 ÷ 8 = 409. Jumla ya miraba ya 2,556 na 409 ni 6,533,136 + 167,281, ambayo ni 6,700,417.

Tazama pia kwamba 4² + 25² ni 2⁴ + 5⁴ kwa sura nyingine, ileile tuliyoitumia katika uthibitisho mfupi hapo juu.

Kuna mtu aliyewahi kuigawanya kichwani?

Zerah Colburn, mtoto wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1804 na aliyejulikana kwa kukokotoa kichwani. Akiwa London, bado mtoto mdogo, aliulizwa kuhusu namba hii na akatoa vigawo vyake bila kuandika chochote.

Inahusianaje na kuchora maumbo kwa rula na bikari?

Inahusiana kwa ukaribu ambao hakuna aliyeutarajia kwa zaidi ya miaka 150 baada ya barua ya Fermat.

Mwaka 1796 Carl Friedrich Gauss, akiwa na miaka 18, aligundua kwamba umbo lenye pande 17 zilizo sawa na pembe zilizo sawa linaweza kuchorwa kwa rula isiyo na vipimo na bikari tu. Wagiriki wa kale walijua kuchora la pande 3 na la pande 5, lakini 17 ilikuwa mpya kabisa. Kanuni kamili, ambayo upande wake mmoja ulithibitishwa na Pierre Wantzel mwaka 1837, inasema hivi: idadi ya pande ikiwa witiri, umbo linachorika ikiwa idadi hiyo ni namba tasa ya Fermat au ni zao la namba tasa za Fermat zilizo tofauti, na si vinginevyo.

Namba tasa za Fermat tunazozijua ni tano: 3, 5, 17, 257 na 65,537. Ukizichagua kwa kila namna, moja moja, mbili mbili, hadi zote tano, unapata maumbo 31. Kubwa kuliko yote lina pande 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537. Zizidishe uone: 4,294,967,295. Ni F₅ iliyopunguzwa 2.

Umbo lenye pande F₅ kamili halichoriki, kwa sababu 641 na 6,700,417 zote mbili si namba za Fermat. Fermat angekuwa sahihi kuhusu F₅, lingechorika.

Hiyo ya "F₅ iliyopunguzwa 2" ni bahati tu?

Si bahati. Kila namba ya Fermat, ukiipunguza 2, ni zao la zote zilizoitangulia: 5 − 2 = 3; 17 − 2 = 3 × 5; 257 − 2 = 3 × 5 × 17. Inatokana na mgawanyo unaofundishwa shuleni, kwamba tofauti ya miraba miwili ni jumla mara tofauti. 2³² − 1 ni (2¹⁶ + 1)(2¹⁶ − 1), kisha 2¹⁶ − 1 inavunjika vivyo hivyo, hadi unapofika chini.

Goldbach aliona kilichofichwa hapo. Namba yoyote inayozigawanya mbili kati ya namba za Fermat ingelazimika kugawanya 2 pia, na namba zote za Fermat ni witiri, kwa hiyo hazina kigawo cha shirika isipokuwa 1. Basi kila moja inaleta angalau namba moja tasa ambayo nyingine hazina, na kwa kuwa msururu hauna mwisho, namba tasa hazina mwisho. Fermat alitaka msururu wa namba tasa na hakuupata, lakini msururu wake ukatoa uthibitisho wa namba tasa zisizo na kikomo.

Nimesikia inajitokeza pia kwenye pembetatu ya Pascal. Wapi?

Andika pembetatu ya Pascal, yaani mistari ya namba inayoanza na kuishia na 1, ambamo kila namba ya katikati ni jumla ya mbili zilizo juu yake, lakini mahali pa kila namba witiri weka 1, na mahali pa kila namba shufwa weka 0. Mistari inakuwa 1, 11, 101, 1111, 10001, 110011 na kuendelea. Sasa usome kila mstari kama namba ya mfumo wa binari: 1, 3, 5, 15, 17, 51, 85, 255, 257.

Kila namba hapo, ukiacha 1 ya kileleni, ni idadi ya pande za umbo linalochorika. Kilele kikiitwa mstari wa 0, mistari ya 1 hadi 31 inatoa maumbo yote 31 ya Gauss, kwa mpangilio kutoka dogo hadi kubwa, bila kuruka hata moja. Mstari wa 31 ni 1 tupu thelathini na mbili, yaani 4,294,967,295. Mstari wa 32 ni 1, kisha 0 thelathini na moja, kisha 1. Hiyo ni F₅, na hapo ndipo ulinganifu unapovunjika. Kwa maoni yangu hakuna sehemu nyingine ambapo kosa la Fermat linaonekana kwa macho namna hii.

Kwa nini kanuni ya Fermat yenyewe haiigundui kwamba si tasa?

Kanuni inasema namba tasa lazima ipite mtihani: 2 kwa kipeo cha p − 1 iache baki ya 1. Mtu angeweza kuigeuza na kusema, kilichopita mtihani ni tasa. F₅ inaonyesha hatari ya kugeuza hivyo. Tayari tunajua 2⁶⁴ ikigawanywa kwa F₅ ina baki ya 1. Na F₅ − 1 ni 2³², ambayo inagawanyika kwa 64. Kwa hiyo F₅ inaupita mtihani bila shida. Kila namba ya Fermat inaupita, iwe tasa au isiwe.

Dawa ni kubadilisha 2. Mwaka 1877 Théophile Pépin alionyesha kwamba kuanzia F₁, namba ya Fermat ni tasa ikiwa 3, ikipandishwa kwa kipeo kilicho nusu ya namba hiyo iliyopunguzwa 1, inaacha baki ya −1. Isipoacha hivyo, si tasa. F₅ inashindwa hapo. Uzuri wa kipimo cha Pépin ni kwamba kinatoa hukumu bila kutafuta kigawo chochote.

Kwa nini inaishia na 7?

2³² ni 16⁸, na 16 kwa kipeo chochote huishia na 6. Ongeza 1. Namba zote za Fermat kuanzia 17 zinaishia na 7.

641 ina upekee mwingine?

Inao. Gawanya 1 kwa 641 na uandike desimali zake:

0.0015600624024960 9984399375975039…

Nimeacha nafasi katikati kwa makusudi. Tarakimu 32 hizo hujirudia milele. Jumlisha nusu ya kwanza na nusu ya pili, tarakimu kwa tarakimu, na unapata 9 kila mahali. Sababu ni ileile ya baki ya −1, safari hii kwa 10 badala ya 2: 10¹⁶ ikigawanywa kwa 641 ina baki ya −1, kwa hiyo 641 inagawanya 10¹⁶ + 1 kama inavyogawanya 2³² + 1.

Ina uhusiano gani na kompyuta?

Kompyuta inayotumia biti 32 kwa namba nzima zisizo hasi inaweza kuhesabu kuanzia 0 hadi 4,294,967,295. Ukiongeza 1 inarudi 0. Kwa hiyo ukiiamuru ihifadhi F₅ mahali penye biti 32 tu, itakachohifadhi ni 1. Idadi ya anwani zote za intaneti za mfumo wa IPv4 ni 4,294,967,296, pungufu ya F₅ kwa moja. Na ndugu yake mdogo, 65,537, hutumiwa sana katika usimbaji wa RSA, njia ya kuficha ujumbe kwa namba kubwa, kwa sababu katika binari ina 1 mbili tu na hilo huharakisha hesabu.

Je, baada yake kuna namba ya Fermat iliyo tasa?

Hakuna hata moja inayojulikana. F₅ hadi F₃₂ zote zimethibitishwa kuwa si tasa. Ya kwanza ambayo hali yake haijaamuliwa ni F₃₃, yenye tarakimu zaidi ya bilioni 2.5. Kwa F₂₀ na F₂₄ hali ni ya ajabu zaidi: inajulikana kwamba si tasa, lakini hakuna kigawo chake hata kimoja kilichopatikana. F₉ ilivunjwa kikamilifu mwaka 1990 kwa mbinu iliyokuwa mpya wakati huo, na F₁₂ haijamalizwa hadi leo.

Euler aliivunja F₅ mwaka 1732. Kwa nini F₆ ilichukua muda mrefu zaidi ya karne?

F₆ ni 18,446,744,073,709,551,617. Thomas Clausen alikijua kigawo chake mwaka 1855, na Fortuné Landry alikichapisha mwaka 1880: 274,177 × 67,280,421,310,721.

Hoja ya mzunguko inafanya kazi hapa pia, ila namba ya kuzidisha sasa ni 256 kwa sura ya Lucas. Ipime: 274,177 = 256 × 1,071 + 1. Kwa F₅ kizidisho kilikuwa 5, yaani 128 × 5 + 1. Kwa F₆ ni 1,071. Msomaji mwenye subira anaweza kuanza na 257, 513, 769 na kupanda hivyo hadi 274,177, akiruka zisizo tasa, na kila mara akigawanya namba ya tarakimu 20 kwa mkono.